Insha ya Yatima

Ukitaka kujua ni watu wangapi wanaojiona wataalamu wa maisha yako, tangaza kwamba unaandika insha ya kuombea chuo. Rebeka Mugeta alitangaza mara moja tu, kanisani Makoko, pale Musoma, mchungaji alipouliza nani ana hitaji la kuombewa. Kuanzia Jumapili ile hakupumua tena.

Chuo chenyewe kilikuwa Kanada. Kilikuwa na mfuko wa kuwasomesha yatima kutoka Afrika, kila kitu bure, kuanzia tiketi ya ndege mpaka koti la baridi. Kilikuwa pia na kozi ya udaktari wa mifugo, kitu ambacho Rebeka alikitaka tangu akiwa mtoto wa kushika mkia wa ng'ombe huku bwana mifugo akichoma sindano. Alama zake za kidato cha sita zilitosha na kubaki. Fomu aliijaza kwa nusu saa. Kilichosalia ni insha ya Kiingereza, maneno yasiyozidi mia sita na hamsini: tueleze wewe ni nani, na ni nani aliyekufikisha hapo ulipo.

Swali jepesi, utasema. Haya, lijibu wewe.

Wa kwanza kulivamia alikuwa Madam Debora, mwalimu wake wa zamani wa Kiingereza, mzaliwa wa Iringa aliyepangiwa kazi Musoma. Alikaa jirani na chumba ambacho Rebeka na mama yake Getruda walipanga pale Makoko, na ndiye aliyekuwa na kompyuta na intaneti, kwa hiyo hakukwepeka. Debora alikuwa ametazama video zote duniani kuhusu insha za vyuo.

"Insha ya kawaida wanaitupa," alisema, akipiga meza kwa kidole. "Wanasomaga maelfu. Nilizaliwa mwaka fulani, nikasoma shule fulani. Wanasinzia! Lazima uwashtue."

"Niwashtue na nini, Madam?"

"Na maisha yako. Nani amekulea?"

Rebeka akamwambia, kwa sababu hakuona cha kuficha. Bibi Wankyo, kule Butiama, alikuwa mke wa Mzee Mugeta. Hawakujaliwa mtoto. Mzee akafariki mwaka 1994, na bibi akabaki na boma, na ng'ombe, na jina lisilokuwa na wa kulibeba. Mwaka 2004 akafanya wanachofanya wanawake wengi wa Mara wakifika hapo: akatoa mahari ya ng'ombe na kumwoa Getruda, binti wa miaka kumi na minane, aingie kwake na kuzaa watoto wa nyumba ile. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Mwanaume wa Bugwema aliyemzaa Rebeka kwa damu alikuja, akaenda zake, hakudai jina wala hakudaiwa. Rebeka alizaliwa 2006, mtoto wa Mugeta. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivyo, na kijijini hakuna mtu aliyewahi kuuliza mara mbili.

Debora alikuwa amesimama. "Hiyo! Hiyo ndiyo insha! Na tena usisimulie wewe. Asimulie ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe wa mahari! Anatoka zizini asubuhi, anaswagwa kwenda kwa kina mama yako, hajui anapelekwa wapi. Sentensi ya kwanza: Mimi ni ng'ombe."

Rebeka alimwangalia usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Na kinachoudhi kuliko vyote ni kwamba aliiandika. Aliiandika mara tatu, na ile ya tatu ilikuwa nzuri kweli. Ng'ombe alitembea, vumbi likapanda, wanawake wakapiga vigelegele, na mwisho ng'ombe akasikia kutoka upande wa pili wa ua kilio cha mtoto mchanga ambaye ni yeye Rebeka. Debora aliisoma akatoa kitambaa akafuta macho. Rebeka mwenyewe aliipenda kwa siku mbili, mpaka alipofanya kosa la kumtafsiria mama yake, ambaye alikuwa ameinama akigeuza dagaa kwenye turubai.

Getruda alisikiliza bila kuinuka. Ilipokwisha, akanyoosha mgongo.

"Kwa hiyo mimi nimenunuliwa, na anayetangaza ni ng'ombe."

"Mama, huo ni ubunifu."

"Ubunifu jifanyie wewe. Mimi usinitembeze uchi kwa Wazungu. Watasema bibi kizee kaninunua. Watasema na mengine, ambayo hata kuyatamka siwezi, na dagaa hizi zitaoza nikiwa nawaeleza siyo hivyo."

Rebeka alikasirika, hasa kwa sababu mama yake alikuwa na haki. Alijaribu kujisomea tena kama Mzungu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka huko kwao, na kila alipofika kwenye wale ng'ombe alimwona Mzungu huyo akikunja uso. Insha ilikuwa na kila kitu isipokuwa maneno ya kuwatetea watu waliokuwemo. Akaifuta. Debora akanuna juma zima.

Basi akaenda Bunda, Kabasa, kwenye steshenari ya Pastory.

Pastory alisifika. Aliaminika kuwa amepeleka watu mpaka Uturuki kwa insha peke yake, na alikuwa amebandika ukutani picha zao wakiwa wamevaa majoho. Siri yake ilikuwa faili moja ndani ya kompyuta, ambalo lilikuwa na insha moja. Wateja walibadilika, majina yalibadilika, insha ilibaki palepale. Mimi ni mtu mwenye bidii na nidhamu. Nilizaliwa katika familia duni. Ndoto yangu ni kurudi kuitumikia jamii.

"Mdogo wangu, umechelewa kwa sababu umesikiliza waalimu," Pastory alisema, mikono tayari kwenye vitufe. "Wafadhili hawatakagi maajabu. Wanataka shida iliyonyooka. Baba yupo?"

"Mzee Mugeta? Alishafariki."

"Pole. Lini?"

"Tisini na nne."

"Cheti cha kifo kipo?"

"Kipo. Bibi amekitunza."

"Safi kabisa. Wengine huwaga wanahangaika nacho." Akaandika, akisoma kwa sauti huku akiandika: tangu baba yangu mpendwa alipofariki mwaka 1994, mama yangu amehangaika peke yake kunilea na kunisomesha.

"Na Bibi?" Rebeka akauliza.

"Bibi yupi?"

"Bibi Wankyo. Ndiye aliyenilea. Mama alikuwa kule Makoko na biashara ya dagaa, mimi nilikaaga Butiama mpaka darasa la saba."

Pastory akamgeukia kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kusumbuliwa. "Ukiweka bibi, utaanza kueleza bibi ni wa nani. Ukieleza bibi ni wa nani, utaeleza nyumba ntobhu. Ukieleza nyumba ntobhu, maneno mia sita na hamsini yameisha na hujasema hata una bidii. Bibi tunamwacha apumzike."

Rebeka alikuwa amechoka. Alichoka na ng'ombe, alichoka na Debora, alichoka na mama yake kuwa na haki. Akasema sawa.

Insha hiyo ilisomwa na watu wanne kabla ya kutumwa. Mkuu wake wa shule aliisoma akasaini. Mchungaji aliisoma akatikisa kichwa kwa huzuni, akaambatisha barua ya kuthibitisha kwamba ndiyo, binti huyu ni yatima wa baba na anamcha Mungu. Getruda alitafsiriwa akasema hiyo sasa ni insha ya watu wazima. Hata Debora, pamoja na mnuno wake, alirekebisha nukta na mikato. Fomu ilisema Rebeka kazaliwa 2006 na mama yake 1986. Cheti cha kifo kilisema Mugeta kafa 1994. Vyote vilibandikwa pamoja na kupigwa mihuri, na watu wanne wenye akili zao timamu hawakuona tatizo lolote. Kwani tatizo liko wapi? Mugeta ni baba yake, Mugeta amekufa. Huku kwetu mtu akifa hajamaliza kuzaa.

Kanada waliona.

Barua pepe ilikuja katikati ya Desemba, yenye adabu mpaka inatia hofu. Walimshukuru Rebeka kwa insha yake. Walimpa pole. Kisha waliomba wasaidiwe kuelewa jinsi baba yake alivyofariki miaka kumi na miwili kabla yeye hajazaliwa, na jinsi mama yake alivyobaki mjane wa kuhangaika na mtoto akiwa na umri wa miaka minane. Walikuwa tayari kupokea marekebisho ndani ya siku tano, yakiambatana na maelezo ya mtu aliyemlea. Bila hivyo ombi lingefutwa kwa udanganyifu.

Rebeka alisoma neno hilo la mwisho akiwa amesimama sebuleni kwa Debora, akasikia masikio yanawaka. Hajawahi kudanganya hata kwenye mtihani.

"Nilikwambia!" Debora alisema. "Nilikwambia ng'ombe!"

"Madam, naomba uniache."

Akampigia Pastory. Pastory alicheka kidogo, akaacha alipoona anacheka peke yake. "Hilo dogo. Mzee tunamsogeza tu mbele. Tumweke afe elfu mbili na nane."

"Cheti kinasema tisini na nne, kaka Pastory."

"Cheti ni karatasi. Karatasi si niko nazo hapa?"

Rebeka akakata simu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu aliyemzidi umri. Kesho yake alikuwa Butiama.

Alimkuta Bibi Wankyo zizini, akimkagua ndama aliyekuwa anachechemea. Bibi alikuwa na miaka zaidi ya sabini na tano, mkavu, mwenye sauti kubwa ya mtu aliyeamrisha ng'ombe maisha yake yote. Alikwenda kuosha mikono, akakaa kwenye kigoda, akasema haya, hiyo shida iliyokutoa Musoma bila kupiga simu ni ipi.

Rebeka akaeleza. Bibi hakuona shida.

"Mugeta si amekufa?"

"Amekufa, Bibi."

"Na wewe si wa Mugeta?"

"Ni wa Mugeta."

"Sasa hao wanauliza nini?"

"Wanasema mtu hawezi kuzaa akiwa amekufa."

"Nani kawaambia alizaa? Nilizalisha mimi! Mimi ndo nilitoa ng'ombe!" Bibi akaanza kukasirika na Kanada. "Hebu nisomee hicho mlichowaandikia. Chote. Usiruke."

Rebeka akafungua simu na kutafsiri, sentensi baada ya sentensi. Bidii. Nidhamu. Familia duni, ambapo Bibi alitupa jicho zizini kwenye ng'ombe wake lakini hakusema kitu. Baba mpendwa. Mama aliyehangaika peke yake. Ndoto ya kuitumikia jamii. Alipomaliza, Bibi alibaki ameinamisha kichwa pembeni kidogo, kana kwamba anasubiri.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Walikuuliza nini vile?"

"Mimi ni nani, na nani amenifikisha hapa."

Bibi akauliza, bila ile sauti ya ng'ombe, "Mimi niko wapi?"

Rebeka alifungua mdomo amweleze habari ya Pastory, na maneno mia sita na hamsini, na Wazungu wanavyofikiri, na yote yalikuwa kweli. Lakini akakumbuka kwamba mwanamke huyu aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili yeye aende kidato cha tano. Aliona haya, haya ya kweli, ile ya kutamani ardhi ipasuke.

"Umemweka Mugeta," Bibi alisema. "Mugeta alikuwa mtu mzuri. Lakini Mugeta hakukujua. Hakukubebaga ulipoumwa malaria. Mugeta hajui hata kama unaogopa chura."

"Bibi, nisamehe."

"Sijasema umenikosea. Nimeuliza niko wapi."

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za kuchosha, kwa sababu kumsamehe mtu ni jambo moja na kumwandikia insha ni jambo lingine. Bibi alitaka aandikwe kila kitu, pamoja na ugomvi wake na shemeji zake juu ya shamba. Getruda alipiga simu kutoka Makoko kila baada ya saa mbili kutoa masharti.

"Eleza kama ni kueleza," alisema. "Ila usiniandike kama kitu kilichonunuliwa. Andika nilikubali. Kwetu kulikuwa na kaka sita na mimi ndo nilikuwa napika. Nilivyofika kwa Mama Wankyo, siku ya kwanza aliniuliza kama nimechoka. Hiyo andika."

Rebeka hakuwa amewahi kuisikia. Akaandika.

Aliandika chini ya kibanda cha majani, simu ikichajiwa kwa jirani mwenye sola, daftari mapajani. Hakumweka ng'ombe anayesimulia. Hakumweka mtu mwenye bidii na nidhamu. Kila alipotaka kupamba alimsikia mama yake, na kila alipotaka kuficha alimsikia bibi yake, na katikati ya hao wawili ilibaki njia nyembamba sana, akapita hapohapo. Nina wanawake wawili, aliandika. Mmoja alinizaa. Mwingine alimwoa yule aliyenizaa, kwa desturi yetu, ili nyumba ya mume wake isife, na akanilea. Mwanaume ninayebeba jina lake alikufa kabla yangu, na kwetu hilo halizuii mtu kuwa baba. Hatukudanganya. Hatukujua kwamba kuna mtu atahesabu miaka. Akaeleza siku aliyoulizwa mama yake kama amechoka. Akaeleza namna Bibi anavyomjua ng'ombe mgonjwa kwa kusikiliza anavyocheua, na kwamba yeye Rebeka anataka kujua kwa nini Bibi hakosei.

Maelezo ya mlezi yalikuwa mafupi. Bibi aliyasema, Rebeka akatafsiri, na Bibi akaweka dole gumba: Huyu ni wangu. Atakayesema si wangu aje hapa Butiama tuonane.

"Niiondoe hiyo ya mwisho, Bibi?"

"Jaribu."

Zikatumwa siku ya tano, saa sita mchana, baada ya mtandao kugoma mara nne na Rebeka kutukana kimoyomoyo maneno ambayo mchungaji asingeyathibitisha.

Jibu lilichelewa mpaka Januari. Rebeka alikuwa bado Butiama. Aliogopa kurudi Makoko kuulizwa na kanisa zima. Simu ililia asubuhi, Bibi akiwa anakamua. Rebeka alisoma akiwa amesimama, akasoma tena akiwa amekaa.

"Ni wao?" Bibi akauliza bila kuacha kukamua.

"Ni wao."

"Wanasemaje? Kwa Kiswahili."

"Wanashukuru. Wanasema insha yangu imesomwa na kamati nzima." Akaendelea kusoma. "Wanasema hakuna udanganyifu, na wanaomba radhi kwa kutumia neno lile. Halafu wanasema hivi. Kwa kuwa imethibitika kwamba una wazazi wawili walio hai, Getruda na Wankyo, huna sifa ya kuendelea katika mfuko wa yatima. Ombi lako tumelihamishia kundi la waombaji wa kawaida."

"Hilo la kawaida lina nafasi ngapi?"

"Mbili. Afrika nzima."

Maziwa yaliacha kulia kwenye ndoo. Rebeka akasikia hasira zote za miezi mitatu zinampanda kwa pamoja, akasema kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia mbele ya Bibi. "Unaona? Pastory alikuwa sahihi! Tungemwacha Mugeta afe hiyo elfu mbili na nane ningekuwa na nafasi! Nimesema ukweli, sasa mimi si yatima, kwa hiyo sisomi! Hawa watu wana akili gani? Mara udanganyifu, mara wazazi wamezidi!"

Bibi alikuwa ameinuka. Ndoo aliiacha pale chini ya ng'ombe, jambo ambalo yeye mwenyewe angemchapia mtu.

"Wameandika Wankyo?"

"Wameandika."

"Kwenye karatasi ya chuo? Mzazi?"

"Bibi, wameninyima!"

"Nimesikia wamekunyima, mimi si kiziwi. Hizo mbili utazipigania, na mwakani utapigania zingine, na ng'ombe bado wapo." Alijifuta mikono kwenye kanga, polepole, upande mmoja kisha wa pili. "Kwenye cheti chako wameandika Mugeta. Shule waliandikaga mlezi. Kanisani wakati wa ubatizo walinikalisha nyuma, wakaniambia bibi wa mtoto asubiri. Miaka kumi na tisa. Hebu nisomee tena."

Rebeka alimtazama. Alikuwa bado na hasira, na machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujua ni ya lipi.

"Nianzie wapi?"

"Hapo kwenye wazazi."

Akasoma. Na kwa kuwa jirani yao Nyamburi, yule aliyependa kumwita Bibi tasa, alikuwa anachota maji upande wa pili wa ua, Rebeka aliposoma majina aliyasoma kwa sauti ya juu.